Zebaki ikishaingia mtoni huwezi kuiona kwa macho: Geita, Chunya, Migori na kwingineko

Mchekechaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Maji ya mto yakibadilika rangi na samaki wakianza kuelea, swali la kwanza hapa jamvini huwa ni "hiyo ni zebaki?" Machi 2022 Mto Mara ulipogeuka mweusi na samaki wakafa, watu walibishana wiki nzima kuhusu nani kamwaga nini. Mimi nataka tuanzie upande mwingine. Zebaki haiui samaki kwa mtindo ule. Samaki mwenye zebaki anaogelea vizuri, mnofu wake ni mweupe, hana harufu, na maji aliyovuliwa yanaweza kuwa maangavu kabisa. Anayesubiri mto uwe mweusi ndipo aanze kuogopa zebaki atachelewa sana.

Kwa ambao hawajawahi kufika mwaloni (mahali wachimbaji wadogo wanapooshea dhahabu), kazi inakwenda hivi. Mawe yanatoka duarani (shimo la mgodi), yanasagwa kwenye karasha hadi yawe unga, kisha unga unasukumwa na maji juu ya ubao uliotandikwa magunia au blanketi. Mchanga mzito unanasa pale. Unakung'utwa kwenye beseni, inamiminwa zebaki (mekyuri kwa lugha ya kazi), halafu mtu anakanda kwa mikono, mara nyingi mikono mitupu. Zebaki inakamata chembe za dhahabu zilizo wazi. Ukishaikamua kwenye kitambaa kinabaki kidonge cha rangi ya fedha, karibu nusu dhahabu nusu zebaki. Kidonge kinawekwa motoni. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 na kupaa, dhahabu inabaki. Kazi inaisha siku hiyohiyo, mtu mmoja anaiweza, na mtaji ni mdogo. Ndiyo sababu inatumika. Wanaodhani wachimbaji wanaitumia kwa kukosa akili hawajawahi kukaa na deni la karasha.

Sasa fuateni zebaki inakoelekea. Inatoka kwa njia mbili. Ya kwanza ni moshi: unapaa, sehemu unavutwa na aliyeinama juu ya moto na waliomzunguka, sehemu unatua juu ya mabati, mashamba na vijito, na nyingine inasafiri mbali sana. Kwa tathmini ya Umoja wa Mataifa ya 2018, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoongoza duniani kwa kutoa zebaki hewani: takriban tani 838 kwa mwaka, kati ya tani 2,220 hivi zinazotokana na shughuli zote za binadamu. Umepita hata makaa ya mawe.

Njia ya pili ni marudio, yaani mchanga na tope linalobaki baada ya kuosha dhahabu. Wakati wa kukanda na kuosha, zebaki inapasuka vipande vidogo kama vumbi na kuondoka na maji hadi shimo la marudio, na mvua ikinyesha shimo linafurika hadi kijitoni. Ni nzito mara 13.6 kuliko maji, kwa hiyo inazama kwenye tope na kukaa. Haiozi na haichakai. Iliyomwagwa miaka 30 iliyopita bado imo kwenye tope ikisubiri mafuriko ya kuisogeza mbele.

Ndani ya tope lile lisilo na oksijeni ndipo shida kubwa inapozaliwa. Kuna bakteria wanaoibadilisha zebaki kuwa methilizebaki, na hii tabia yake ni nyingine kabisa. Inaingia kwenye vijimea na vijidudu vya majini, dagaa na furu wanakula hivyo, samaki wakubwa wanakula hao, na kila hatua kiwango kinapanda kwa sababu mwili unaitoa polepole kuliko unavyoipokea. Samaki mkubwa mla samaki anaweza kuwa nayo mara laki kadhaa, hata milioni, kuliko maji anamoogelea. Kwa hiyo mtaalamu akija kijijini, akapima chupa moja ya maji na kutangaza "mto ni salama", mwulizeni: tope umepima? Samaki je? Nywele za wanaokula samaki hao?

Mnaojua habari za Minamata, Japani, vumilieni kidogo, maana inatuhusu kuliko inavyodhaniwa. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga maji yenye zebaki baharini kuanzia 1932 hadi 1968. Paka wa wavuvi ndio walioanza, wakawa wanazungukazunguka na kuanguka. Tarehe 1 Mei 1956 ugonjwa ukaripotiwa rasmi kwa binadamu: ganzi mdomoni na vidoleni, kuyumba, macho kuona katikati tu kama mtu anayechungulia bomba, ulimi mzito. Mwaka 1965 ukatokea tena Niigata, safari hii mtoni, Mto Agano, kutokana na kiwanda kingine kilichokuwa makumi ya kilomita juu ya mto. Serikali yao ilikubali chanzo rasmi mwaka 1968. Miaka 12 tangu taarifa ya kwanza!

Kinachonikaa moyoni zaidi ni watoto. Madaktari wa wakati ule waliamini kondo la nyuma linamkinga mtoto dhidi ya sumu. Daktari Masazumi Harada alikuwa akikutana na watoto waliozaliwa wamekakamaa viungo, hawasemi, na mama zao wanatembea wakiwa wazima au na dalili ndogo tu. Akaonyesha kwamba sumu ilipita kwa mama na kuishia kwenye ubongo wa mtoto. Huyu Harada, mwishoni mwa miaka ya 1990, alikuja hapa kwetu akapima nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza. Nitarudi kwenye alichokikuta, kwa sababu si kile kinachotarajiwa.

Karibuni tujadili.

---

Fundi Karasha

Mkuu umeandika vizuri ila unatutisha. Mekyuri nimeishika tangu 2009, mzee wangu aliishika kabla yangu, na bado tupo. Tunakunywa maziwa baada ya kuchoma, tunafunga kitambaa puani. Mimi naona hizi kelele zinataka mchimbaji mdogo atoke ili wakubwa wabaki peke yao.

---

Mchekechaji

Fundi, nashukuru umekuja, maana bila watu wa karasha mjadala huu ni wa mezani tu.

Hofu yako ya kuondolewa ina msingi, wala sitaki uiache. Ila maziwa hayafanyi kazi hiyo. Mvuke wa zebaki unaingia mapafuni, asilimia 80 hivi ya unaovutwa inapita moja kwa moja kwenye damu, na kutoka hapo unafika kwenye ubongo na figo. Maziwa yanakwenda tumboni. Havikutani. Kitambaa nacho, hata barakoa ile ya hospitali, kinazuia vumbi, lakini mvuke unapita humo kama hewa. Ajabu ni kwamba mtu akimeza tone la zebaki ya maji, karibu yote inatoka chooni bila kufyonzwa. Wengi wetu tunaogopa kuimeza na hatuogopi kuivuta.

Kuhusu "bado tupo": mwaka 2003, chini ya mradi wa zebaki wa UNIDO (shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda), madaktari kutoka Chuo Kikuu cha Munich walipima watu Rwamagasa, hapo hapo mkoani Geita. Karibu robo ya wachomaji walikutwa na sumu ya zebaki ya muda mrefu. Katika kundi la watu wasiofanya kazi hiyo hakupatikana hata mmoja. Hao robo nao walikuwa wakienda kazini, Fundi. Mikono inatetemeka kidogo, usingizi hauji, hasira za ghafla, kusahau, ladha ya chuma mdomoni, fizi zinavuja damu. Mke anasema mume kabadilika. Nani ataunganisha hayo na kidonge cha jana?

---

BintiUkerewe

Naomba kuuliza, nina ujauzito wa miezi minne na huku kisiwani samaki ndiyo mboga yetu. Niache samaki? Na nikimtoa ngozi au nikimkausha kabisa kwenye mafuta zebaki inatoka?

---

Mchekechaji

Dada, hongera. Usiache samaki. Nakuomba sana usisome uzi huu ukahamia ugali na chumvi.

Kwanza habari njema. Vipimo vingi vilivyochapishwa tangu miaka ya 1990 vimekuta samaki wengi wa Ziwa Victoria wako chini ya kiwango cha biashara cha miligramu 0.5 kwa kilo. Wanaokaribia juu ni sangara wakubwa sana. Waliovuliwa kwenye vijito na mabwawa yaliyo jirani kabisa na mialo ni habari nyingine, hao ndio wa kuogopwa.

Kupika hakusaidii. Methilizebaki imeshikamana na nyama yenyewe, haikai kwenye ngozi wala mafuta. Kaanga, chemsha, banika, kausha juani, inabaki.

Sasa hesabu, na hapa naomba hata wenye mamlaka wasome. Kikosi cha wataalamu wa FAO na WHO (mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa) kiliweka mwaka 2003 kikomo cha mikrogramu 1.6 za methilizebaki kwa kila kilo ya mwili kwa wiki, kwa ajili ya kumlinda mtoto tumboni. Mama wa kilo 60 ana nafasi ya mikrogramu 96 kwa wiki. Samaki aliyefika 0.5 kwa kilo, yaani "amefaulu" sokoni, ana mikrogramu 50 kwenye kila gramu 100. Chini ya gramu 200 kwa wiki, mama huyo amemaliza nafasi yake yote. Anayekula samaki mara moja kwa wiki mjini analindwa na kiwango hicho. Mama wa kisiwani anayekula kila siku hakiwezi kumlinda peke yake. Lakini akila samaki wenye 0.05, anaweza kula karibu kilo mbili kwa wiki bila kuvuka.

Kwa hiyo uchaguzi ndio kinga yako: dagaa na sato wa ziwani kula kwa amani, sangara mkubwa punguza hadi ujifungue na umalize kunyonyesha. Kambare au kamongo wa bwawa lililo chini ya mwalo usile kabisa. Ukiacha kula vyenye zebaki, mwili hupunguza nusu ya ulichobeba kwa takriban siku 50, kwa hiyo hata ukianza leo inasaidia.

Na nilichoahidi kuhusu Harada. Kati ya watu aliowapima, waliokutwa na zebaki nyingi mno kwenye nywele hawakuipata kwa samaki. Alihusisha viwango vile na sabuni za kujichubua zenye zebaki. Kwa hiyo dada, mkorogo na sabuni za kung'arisha zisizo na maelezo ya viambato weka pembeni kabisa. Zinaingia kupitia ngozi, zinaharibu figo, na ukioga povu lake linakwenda ziwani na kuungana na ile ya mwaloni.

---

Jirani wa Migori

Salamu kutoka Kenya. Huku Nyatike kazi ya kuosha na mekyuri hufanywa sana na akina mama, mtoto akiwa mgongoni au amekaa kando ya beseni. Mto Migori unaingia Kuja, na Kuja unaingia ziwani, kwa hivyo shida yenu ni yetu. Swali langu: maji ya mto tukichemsha yanakuwa salama?

---

Mchekechaji

Ndugu yangu, kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, kwa hiyo endeleeni. Zebaki haiuliwi na moto. Lakini kwa kawaida maji ya mto yenyewe hubeba kidogo. Kiwango cha WHO kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 6 kwa lita, na mito mingi ya maeneo ya uchimbaji haifiki huko hata pale samaki wake wanapokuwa na tatizo. Palipo na marudio yanayotiririka hadharani ndipo msichote.

Umegusa jambo zito zaidi, la mtoto kando ya beseni. Mvuke wa zebaki ni mzito kuliko hewa, na mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima, karibu na ardhi. Kidonge kikichomwa jikoni, kwenye jiko la chai au chumbani mlango ukiwa umefungwa kwa kuogopa wezi, mtoto ndiye anayevuta zaidi. Beseni la kukandia lisirudi nyumbani kuoshea vyombo. Nguo za kazi zisifuliwe na nepi. Haya hayahitaji mradi wala mfadhili, kikundi cha akina mama kinaweza kuyaamua chenyewe leo jioni.

---

Muuguzi wa Zamu

Naongezea kwa upande wetu. Nipo zahanati ya eneo la machimbo, sitaji ni wapi. Mgonjwa anakuja usiku na homa, kifua kinabana, anakohoa, kichwa. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Tukiuliza vizuri unasikia jioni alichoma dhahabu ndani. Huo ni mvuke umeunguza mapafu, na mtoto mdogo anaweza kufa nao. Wahudumu wenzangu, ongezeni swali hilo moja: "Kuna aliyechoma mekyuri nyumbani?"

Kuhusu vipimo, mkojo unaonyesha zebaki ya mvuke. Nywele zinaonyesha ile ya samaki. Damu inaonyesha zote mbili, lakini ni iliyoingia karibuni tu. Ukipimwa nywele ukaambiwa uko salama na wewe ni mchomaji, umepimwa kitu tofauti na kazi yako. Dawa za kuvuta zebaki zipo, kama DMSA, zinasaidia kuitoa mwilini, lakini neva za ubongo zilizokufa hazirudi. Na usimpe mtu dawa za kienyeji za kumtapisha, zinamuumiza bure.

---

Mchekechaji

Muuguzi, ubarikiwe. Suala la mkojo na nywele ni watu wachache mno wanaolielewa, hata kwenye taarifa za miradi.

---

Fundi Karasha

Nimewasoma wote. Haya, tuseme mko sahihi. Mnataka tufanye nini? Serikali ikifunga mekyuri tutanunua kwa magendo kwa bei mara mbili. Kwenye sayanaidi (kemikali ya kuyeyusha dhahabu) hatuna mtaji, wenye plenti (mitambo ya sayanaidi) ndio wanaonunua marudio yetu kwa bei ya kutupa na kuvuna dhahabu ambayo mekyuri haikuikamata.

---

Mchekechaji

Fundi, hapo umefika kwenye kiini. Mekyuri kwa kweli inaacha dhahabu nyingi kwenye marudio, mara nyingi zaidi ya nusu, na anayefaidika ni mwenye plenti. Wewe unabeba sumu, yeye anabeba dhahabu. Na marudio yenye zebaki yakiingia kwenye sayanaidi, sayanaidi inayeyusha zebaki pia, na ile iliyokuwa imetulia kwenye tope sasa inasafiri na maji kirahisi zaidi. Kwa maoni yangu hilo ndilo baya kuliko yote yanayofanyika kanda ya ziwa kwa sasa, na linazungumzwa kidogo kwa sababu wenye plenti wana sauti.

Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki uliopitishwa Oktoba 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017, haukupiga marufuku zebaki kwa mchimbaji mdogo kwa siku moja. Tanzania iliuridhia 2020. Unataja mambo manne ya kuondolewa: kumwaga zebaki kwenye unga wote wa mawe badala ya mchanga mzito tu, kuchoma kidonge wazi, kuchoma kwenye makazi, na kupeleka sayanaidi kwenye marudio yenye zebaki bila kuitoa kwanza. Tazama vizuri orodha hiyo. Matatu yako mikononi mwa mchimbaji. La nne liko mikononi mwa mwenye plenti. Ningekuwa NEMC (baraza la taifa la mazingira) ningeanza na la nne, kwa sababu plenti zinahesabika, zina leseni na zina anwani, wakati beseni ziko maelfu kwa maelfu porini.

Kufunga uingizaji pekee nakubaliana nawe kutazaa magendo. Tayari zebaki nyingi inauzwa kwenye chupa za maji ya kunywa, wakati sheria inataka anayeuza kemikali awe amesajiliwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Masoko ya dhahabu yaliyoanza 2019, Geita likiwa la kwanza, yangeweza kusaidia sana: dhahabu iliyochomwa bado ina zebaki kidogo ndani, na ikiyeyushwa dukani inatoka tena katikati ya mji. Kila chumba cha kuyeyushia kiwe na bomba la kunasa mvuke, na mchimbaji aliyetumia njia safi alipwe bila kukatwa.

Kwa leo na kesho, kwa mtu wa karasha, tumia zebaki kwenye mchanga mzito tu, na ununue ritoti moja kwa mwalo mzima. Ritoti ni kikombe cha chuma chenye mfuniko na bomba: kidonge kinakaa ndani, mvuke unapita kwenye bomba lililopozwa na maji, unarudi kuwa zebaki ya kutumia tena. Inarudisha zaidi ya asilimia 90. Ulichokuwa unakivuta unakipata kwenye chupa, na hununui tena wiki ijayo. Haizuii ile inayokwenda na marudio, lazima niseme hivyo. Wanaotaka kuachana nayo kabisa kuna boraksi, ambayo wachimbaji wa Benguet nchini Ufilipino wamekuwa wakiitumia kwa miongo: inashusha joto la kuyeyukia la mchanganyiko ili dhahabu ijitenge na kuzama. Inadai mchanga uchujwe vizuri sana kwanza, hivyo haifai kila aina ya mawe.

---

Fundi Karasha

Ya ritoti nimeielewa, ya boraksi nitauliza. Jirani yangu ni fundi wa kuchomelea, anaweza kuitengeneza. Bomba la maji lile la mabati linafaa?

---

Mchekechaji

Hapana, la mabati usitumie. Lina zinki juu, ikipata moto mkali inatoa moshi wake wenye sumu. Shaba, aluminiamu na shaba nyeupe pia hapana, zebaki inashikana nazo. Tumia bomba la chuma cheusi au chuma kisichoshika kutu, na mfuniko ukae sawasawa bila upenyo. Mkizibia kwa udongo wa mfinyanzi au majivu yaliyolowekwa uangalieni kila mara kama umepasuka.

Jambo la hatari ambalo mafundi wengi hawaambiwi: ncha ya bomba isizame ndani ya maji ya chombo cha kupokelea. Moto ukipungua, chuma kinapoa na kuvuta maji kurudi juu, yakifika kwenye kikombe cha moto kinaweza kupasuka usoni kwa mtu. Iache ncha juu kidogo ya maji na uizungushie kitambaa kilicholowa. Chomeni nje, upepo ukiwa mgongoni mwenu, mbali na nyumba na mama ntilie. Msifungue hadi kikombe kiwe kimepoa kabisa kwa kugusa, maana ukifungua cha moto umejifukizia mvuke wote uliobaki. Zebaki iliyorudi iwekeni kwenye chupa ya plastiki nene yenye maji kidogo juu yake, kifuniko kimefungwa, juu imeandikwa SUMU, na isiwe chupa ya soda ambayo mtoto ataitambua.

Ikikamilika, weka picha hapa kabla hamjaiwasha.